Ulevi Usio na Chupa: Miraa, Pombe na Usiku wa Mwanafunzi wa Garissa

Katika miji ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kuanzia Garissa hadi Hadado kule Wajir Magharibi, gari la miraa husikika kabla halijaonekana. Honi inalia, kina mama wauzaji wanasogea, mafurushi yanafunguliwa, na majani ya mgomba yaliyoikinga miraa na jua yanatupwa chini. Haraka hiyo ina sababu. Kathinoni, kiini kinachochangamsha, huanza kupungua mara tu miraa inapochumwa, na ikipita siku mbili hivi nguvu yake imekwisha. Hapo hakuna anayejificha. Ila anayenunua chupa ya pombe katika mji uo huo huiweka chini ya shati.

Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo, ya kinachotumiwa hadharani na kinachotumiwa mafichoni, imepotosha mjadala wetu kuhusu ulevi wa wanafunzi. Tumezoea kuupima ulevi kwa chupa. Kipimo kinachofaa ni kile anachonyang'anywa mwanafunzi: usingizi, fedha na saa za masomo.

Chuo Kikuu cha Garissa kinaonyesha jambo hili waziwazi. Kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Wanafunzi wake hutoka pembe zote za Kenya. Wapo waliolelewa katika nyumba ambamo pombe ni haramu, na wapo ambao kwao haikosekani harusini. Wote wanaikuta miraa, zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inapanga saa za kuuza pombe, lakini miraa haiigusi. Matokeo yake, mnywaji hujificha asiumbuke, na mchanaji wa miraa haulizwi kitu.

Mwulize mwanafunzi kwa nini anachana, hasa mitihani inapokaribia, atakujibu kwamba anakesha asome. Jibu hilo lina historia ndefu. Masufi wa Yemen na wa Harar, Ethiopia, walilitumia jani hili kukesha katika dhikri, na katika karne ya 16 mwanachuoni Ibn Hajar al-Haytami aliliandikia risala nzima akiwaasa watu wajiepushe nalo. Hata hivyo, kukesha si kuelewa. Usingizi ndio unaoyakaza akilini yaliyosomwa mchana, na asiyelala huingia mtihanini macho makavu na kichwa kitupu. Zaidi ya hayo, handasi, yaani ule mchangamko wa miraa, ikimzidi, mwili hutaka kitu cha kuushusha, na baadhi ya wachanaji huitafuta pombe kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayepiga vita chupa huku akifumbia macho kitita cha miraa anafagia chini ya mti unaopukutika.

Wapo wanaosema dawa ni marufuku. Mwanahistoria David Anderson na mwanaanthropolojia Neil Carrier wameeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyoipiga marufuku miraa kaskazini mwa Kenya katika miaka ya 1940. Walaji hawakuacha, na biashara ikawa ya magendo. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliharamisha muguka, aina mojawapo ya miraa, Kilifi ikafuata, na muda si muda amri hizo zikapingwa na Ikulu na kufikishwa mahakamani. Wengine wanasema miraa ni riziki ya mkulima wa Meru na ya mama muuzaji wa Garissa. Ni kweli, na ndiyo maana sidai ing'olewe. Nadai chuo kiitaje.

Yafaa yafanyike mambo matatu. Kwanza, sera ya chuo kuhusu vileo iiandike miraa kwa jina lake, sambamba na pombe. Pili, ushauri nasaha uwe wa siri kabisa. Katika jamii ambamo habari ya kijana hufika kwa wazee wa ukoo kabla ya machweo, anayeogopa aibu hatabisha mlango wa mshauri. Tatu, na hili ndilo zito, chuo kiushughulikie usiku. Wakati wa Ramadhani wachanaji huacha mchana kutwa na kungoja futari, jambo linaloonyesha kwamba mazoea haya hufuata ratiba. Basi ratiba ibadilishwe: mitihani isirundikwe katika wiki moja, maktaba iwe na taa na ulinzi hadi usiku, na pawepo ukumbi ambapo kijana aliye mbali na kwao atapata chai ya maziwa na watu wa kuzungumza nao.

Mzazi wa Hadado anayeuza ngamia ili alipe karo hatuulizi kama mwanawe amelewa kwa kilicho halali au kilicho haramu. Anatuuliza kama anasoma. Sera yetu nayo ianze na swali hilo.