UZI: Ati ng'ombe ndio wanamaliza ardhi? Turudi 1938 kidogo

1/ Kila mvua ikibeba udongo, kwenye midahalo lazima mtu aseme wafugaji wapunguze mifugo. Mimi nasoma siasa, si kilimo, lakini hii hoja ina historia. Twende pole pole.

2/ Ukambani, miaka ya 1930. Makorongo yamekula vilima vya Machakos. Serikali ya mkoloni ikasema ng'ombe ni wengi mno. 1938 ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa lazima, bei ya hasara. Wakati huohuo, kiwanda kipya cha nyama Athi River kilikuwa kinatafuta ng'ombe. Sawa.

3/ Kitu hawakusema: walikuwa wamewachorea Wakamba mipaka na kuwabana wasifike malisho yao ya zamani. Ng'ombe waliozoea kuhama sasa wanakanyaga palepale mwaka mzima.

4/ Maelfu wakaenda Nairobi, wakapiga kambi wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao akahamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasitishwa. Leo ana barabara katikati ya jiji. Shosho yangu huniambia ng'ombe wakichukuliwa, maziwa, mahari na akiba ya kiangazi vimeenda pamoja.

5/ Kwani ng'ombe hawana makosa? Wanayo. Wakikaa mahali pamoja, nyasi haipati nafasi ya kuota tena. Lakini Narok watafiti walichimba maboma ya wafugaji wa kale, mengine ya zaidi ya miaka 3,000. Matokeo yalitoka 2018: udongo wa pale bado una rutuba kuliko wa kando, sababu ya samadi.

6/ Laikipia kuna ranchi zinafanya hivyo makusudi. Ng'ombe wanalazwa kwenye boma la kuhamishika, juu ya ardhi iliyobaki kipara. Kwato zinavunja ule udongo mgumu wa juu, samadi inabaki, kisha boma linahamishwa. Nyasi ikirudi, inashika udongo. Si dawa ya kila mahali: bila mvua, na bila kupumzisha ardhi, hakuna kitu.

7/ Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aseme "punguzeni mifugo", muulize maswali mawili. Wahamie wapi, na nani alifunga njia? Na hao ng'ombe watauzwa kwa nani, bei gani?

Ukambani waliuliza 1938. Sisi pia tuulize.