SAFU YA LUGHA: Zabibu, mbichi kwa kavu

Msomaji mmoja anauliza: “zabibu kavu” ni Kiswahili sahihi? Ni sahihi, ingawa Mwarabu angetabasamu. Kwake *zabib* ni tunda lililokwisha kukaushwa. Likiwa bichi huliita *inab*. Sisi tulilichukua jina la tunda kavu tukalivisha bichi, kisha ikatubidi kuongeza “kavu” tunapotaka lile la kwenye pilau.

Tulipolipata neno tulilizalisha kwa desturi yetu: embe lina mwembe, zabibu ina mzabibu. Ndiyo maana Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda miche huko Bihawana miaka ya 1950, watu husema “shamba la mizabibu”. Pale mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Aina inayosifika huko ni zabibu nyeusi iitwayo Makutupora, jina la kijiji kilicho kaskazini mwa mji, chenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ibinye moja: ngozi ni ya zambarau iliyoiva, lakini maji yake karibu hayana rangi. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, yanapoachwa yachachuke pamoja na maji hayo.

Na mvinyo wenyewe? Hilo ni la Wareno, *vinho*. Divai tumeitoa kwa Wafaransa. Basi chupa moja ya Dodoma ina tunda la Mwarabu, kinywaji cha Mreno na jina la kijiji cha Wagogo. Kiswahili hakijalewa, kimekaribisha wageni tu.