Kunyanyua gari dogo la foo-wili (Tanga na pwani ya kaskazini)

Kunyanyua gari ni kuongeza kimo cha chesesi na bodi juu ya ekseli, ama kwa kufunga springi ndefu zaidi pamoja na shokapu zake, ama kwa kutia spesa kwenye springi zilizopo. Makala hii inahusu zaidi Suzuki Jimny na mtangulizi wake, Samurai, magari madogo yenye chesesi ya ngazi na ekseli nzima mbele na nyuma, yanayoufaa sana mkoa wa Tanga.

Barabara kuu za mkoa hazina haja ya kazi hii. Segera hadi Tanga ni lami, Tanga hadi Horohoro ni lami, na hata Mombo kupanda Lushoto ni lami. Shida huanza gari linapoacha barabara kuu: njia za ndani za mashamba ya mkonge, ambako matrekta huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, njia za udongo mwekundu wa Usambara ya Mashariki, upande wa Amani na Magoroto, zinazoteleza kama sabuni baada ya mvua, mawe ya matumbawe yaliyochomoza kwenye vijia vya kushukia baharini, na udongo mweusi wa Saadani, ambao wakati wa masika, Machi hadi Mei, hushika gurudumu na kuligandisha.

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulijua, na ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulipa, ni kwamba springi ndefu haziinui difu. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na tairi, si na springi. Kinachoinuka ni chesesi, bampa, tangi na giboksi. Kwa hiyo kwenye tuta la shamba la mkonge, gari lililonyanyuliwa springi peke yake litakwaruza palepale lilipokwaruza jana. Faida ya springi iko kwingine: bampa haligusi ardhi gari likiingia korongoni, tumbo la gari halikai juu ya kilele cha tuta la kuvuka, na panapatikana nafasi ya tairi kubwa chini ya madigadi.

Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hesabu yake ni rahisi. Jimny ya injini ya lita 1.3, iliyotoka 1998 na kudumu hadi ujio wa muundo mpya wa 2018, huvaa tairi za 205/70 kwenye rimu ya inchi 15, yaani kipenyo cha milimita 668, na uwazi chini ya difu ni milimita 190. Ukifunga 215/75 za rimu ileile, kipenyo kinakuwa milimita 703 hivi. Difu inapanda kwa nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 18. Si nyingi, lakini hizo ndizo zinazopita juu ya jiwe. Gharama yake ni kwamba injini ndogo itauhisi uzito wa tairi kwenye mlima wa Amani, na spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 5 hivi: ikionyesha 80, gari linakwenda 84.

Springi za koili za Jimny hiyo hunyanyuliwa kwa kawaida milimita 40 hadi 50. Kufikia hapo kazi ni ya siku moja kwa fundi mzoefu, na gari linabaki na tabia yake. Zaidi ya hapo kila kitu kinadai marekebisho. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka nyuma, hivyo chesesi ikiinuka ekseli huzunguka kidogo na pembe ya stelingi hupungua. Dalili zake dereva huzihisi mkononi: usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gari hutangatanga kwenye lami likifika kasi ya safari. Dawa ni bushi maalumu zenye tundu lililo pembeni, zinazoirudisha ekseli kwenye pembe yake. Lile fito linalozuia ekseli isisogee kushoto wala kulia nalo huivuta upande mmoja, na huhitaji kubadilishwa kwa fito la kurekebishika. Mipira ya breki lazima iwe mirefu ya kutosha gurudumu linaponing'inia. Propela shafti ikisimama kwa pembe kali, krosi zake hulia na kufa mapema.

Pwani ina adui wake, na huyo ni kutu. Hewa ya chumvi huila bolti ndani ya bomba la bushi mpaka viwili hivyo vinakuwa kitu kimoja. Fundi mwenye haraka huwasha gesi. Bolti inalegea, na mpira wa bushi unaungua palepale. Fundi mwenye subira huloweka bolti kwa dawa ya kutu tangu jana yake, huigonga kwa nyundo ndogo, huigeuza robo mbele na robo nyuma, na ikigoma huikata na kufunga bushi mpya. Wakati wa kurudisha, bolti zote hupakwa grisi na kushikizwa tu. Gari hushushwa chini, hutikiswa likae kwenye uzito wake, ndipo bolti zinakazwa. Zikikazwa gari likiwa bado juu ya stendi, mpira hubaki umejipinda daima na huchanika baada ya muda mfupi. Ukitaka kumjua fundi anayeijua kazi hii, tazama hatua hiyo moja.

Samurai, na SJ410 iliyoitangulia tangu 1981, zina springi za mabamba. Hapa wengi huongeza bamba, na gari huwa gumu kama mkokoteni likiwa tupu. Wengine huweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Kwa ekseli ya nyuma hilo huvumilika. Kwa ekseli ya mbele ni hatari, kwa sababu nguvu ya breki hutaka kukisukuma kipande kitoke. Suzuki Escudo ni habari tofauti: mbele kila gurudumu linajitegemea, na ikiinuliwa sana sivi jointi hufanya kazi kwa pembe isiyo yake.

Kwenye mchanga, kama wa Ushongo kusini ya mto Pangani, kunyanyua hakusaidii karibu chochote. Kupunguza upepo wa tairi hadi kati ya psi 15 na 18 kunafanya kazi kubwa kuliko seti nzima ya springi, mradi uujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Na gari jembamba lililoinuliwa hupinduka kirahisi zaidi kwenye njia iliyolala ubavuni mwa mlima, jambo la kuzingatiwa na kila anayekwenda Usambara.

Kwa mtu wa Tanga mwenye fedha ya jambo moja tu, anunue kwanza tairi za matope zilizo kubwa kidogo. Springi zifuate, milimita 40 zinatosha. Baada ya kilomita 500 hivi gari lirudi gereji, bolti zote zikazwe upya, magurudumu yapimwe alaimenti na taa za mbele zishushwe zisiwapofushe wanaokuja.