Kyela na Mto Songwe: Habari za Mji wa Mpakani

Wasomaji wetu wakaao mbali, wakisikia jina la Rungwe hufikiri milima, baridi, mvua na migomba. Ndivyo nchi ya Tukuyu ilivyo. Lakini zamani wilaya ya Rungwe haikuishia milimani. Njia itokayo Tukuyu kwenda kusini yateremka karibu mita 1,000, hewa yazidi kuwa ya joto, hata msafiri afika katika uwanda ulio sawa kama mkeka, wenye mashamba ya mpunga, miembe, michikichi na mikakao. Hapo ndipo ulipo mji mdogo wa Kyela, na mbele yake kidogo wapita mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi. Twataka kueleza habari za mji huo na mto wake, maana liko jambo moja ambalo wengi hulikosea, hata sisi walimu: twadhani ya kuwa mto ndio uliowatenga watu.

Kwanza yapasa tuondoe kosa la jina. Mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja waenda ziwa Rukwa. Huo si wetu. Wa pili watoka katika nchi ya juu, karibu na mahali zikutanapo Tanzania, Zambia na Malawi, nao waenda mwendo wa kilomita kama 200 hata kuingia ziwa Nyasa. Huo ndio tuusemao hapa.

Hapo kale, upande wa kaskazini wa mto walikaa Wanyakyusa, na upande wa kusini Wangonde. Lugha zao zakaribiana sana, hata msemaji wa hii humwelewa msemaji wa ile pasipo mkalimani. Masimulizi ya wazee yasema kwamba watawala wao waliteremka kutoka milima ya Ukinga, iliyo mashariki ya uwanda. Lwembe alikaa Lubaga, katika nchi ya Wanyakyusa. Kyungu alikaa Mbande, karibu na Karonga, akawa mkuu wa Wangonde. Nyumba hizo mbili zilihesabiwa kuwa ni ndugu. Mto ulikuwa kati yao, lakini ulikuwa mahali pa kuchotea maji, pa kuvulia samaki na pa kuvukia. Watu walioana ng'ambo na ng'ambo, na ng'ombe za mahari zikavushwa majini.

Mpaka ulikuja mwaka 1890. Tarehe 1 Julai mwaka huo, Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walitia sahihi mapatano yao mjini Berlin. Iliandikwa ya kwamba mpaka ufike mdomo wa Songwe, kisha uupande mto huo kuelekea magharibi. Wapimaji wa mataifa hayo mawili walikuja kuitazama nchi yenyewe mwaka 1898. Basi mpaka ulikuwa umekwisha kuandikwa miaka minane kabla ya kupimwa, na wenye nchi hawakuulizwa neno.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian walifika Rungwe, na wenzao wa chama cha Berlin wakafika mwaka huo huo. Mwaka 1894 Wamoravian waliteremka uwandani wakajenga Ipyana, si mbali na mji wa Kyela wa leo; na jina hilo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Serikali ya Kidachi ilijenga boma lake la kwanza, Langenburg, kandokando ya ziwa. Lakini homa za pwani ya ziwa zilikuwa kali, na boma likahamishwa milimani, likaitwa Langenburg Mpya; ndipo Tukuyu. Tangu hapo watu wa uwandani walitawaliwa kutoka mlimani, na mwenye shauri alipanda kwenda kulitoa huko.

Vita vilipotokea mwaka 1914, mto uliokuwa kivuko ukawa njia ya askari. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wadachi walivuka Songwe kwenda kuwapiga Waingereza huko Karonga, wakashindwa. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza, chini ya Jemadari Northey, walivuka mpaka wakaitwaa Langenburg Mpya. Watu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi, nao hawakuwa na ugomvi wo wote na ndugu zao wa ng'ambo.

Baada ya vita kando zote mbili za mto zilikuwa chini ya mfalme mmoja wa Uingereza. Mtu angedhani kwamba mpaka ungefutika. Haikuwa hivyo: Tanganyika ilikuwa na serikali yake na kodi yake, na Nyasaland vivyo hivyo. Vijana wengi wa nchi hizi walisafiri kwenda kufanya kazi katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Afrika ya Kusini. Kisha Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Malawi tarehe 6 Julai 1964. Na mstari ule wa mwaka 1890 ukawa mpaka wa dola mbili huru. Katika miaka ya 1970 uwanda ulitengwa na Rungwe ukawa wilaya yake yenyewe, na Kyela ukawa mji mkuu wake.

Sasa tuseme tabia ya mji. Kyela si mji wa majumba makubwa. Ni mji wa soko na wa baiskeli, maana nchi ni sawa, na mtu aweza kupakia gunia la mpunga akalipeleka mbali pasipo kupanda kilima. Mchele wake wasifiwa kwa harufu yake katika miji mingi ya Tanzania. Penye lango la Kasumulu, lililo karibu na daraja la Songwe, shilingi na kwacha hubadilishana mikono tangu asubuhi. Mwuza samaki husalimu kwa Kinyakyusa, hupatana bei kwa Kiswahili, na akiwa na mgeni kutoka kusini hujaribu Kitumbuka au Kichewa. Watu wa huko hawaoni ajabu kuwa na mjomba katika dola nyingine. Akifa mtu upande mmoja, wa upande wa pili huvuka kwenda matangani.

Walakini ziko shida, nazo si ndogo. Mto Songwe ufikapo uwandani hupinda-pinda kama nyoka, na wakati wa mvua nyingi hufurika, hula kingo zake, na mara nyingine huiacha njia yake ya zamani ukachimba mpya. Siku moja tulipokuwa tukifundisha habari za mipaka, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, mto ukihama usiku, sisi tutaamka wapi?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, wala hatukuwa na jibu la upesi. Maana kwa mtoto yule halikuwa fumbo. Mkulima wa kando ya mto hupanda mpunga katika nchi yake, na baada ya gharika aweza kuliona shamba lake liko ng'ambo ya maji. Atalipa kodi kwa nani? Na akigombana na jirani, atakwenda baraza lipi?

Serikali zote mbili zimelitazama jambo hili. Mwaka 1890 mto uligawanywa huko Berlin. Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia sahihi mapatano ya kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, ili kuzituliza kingo na kuyatumia maji kwa faida ya kando zote mbili. Na ofisi yake ikawekwa Kyela penyewe. Hatusemi kwamba kazi imekwisha. Twasema tu kwamba safari hii mashauri ya mto hufanyiwa mahali ambapo mtu aweza kwenda kwa baiskeli akausikia.

Kwa hiyo tulipokutana tena na mtoto yule, tulimjibu hivi: mto ukihama, utaamka kwa jamaa zako, maana wako pande zote mbili, lakini hati ya shamba la baba yako ni neno jingine, na hilo wakubwa hawana budi kulitengeneza mchana, kabla mvua haijanyesha. Wahenga walisema, undugu ni kufaana, si kufanana. Watu wa Songwe wafanana tangu kale. Kufaana kwao ndiko kulikoujenga mji wa Kyela, na twaomba waandikao mipaka wasikusahau.