Nauli nafuu ya ndege na abiria wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, uliundwa rasmi Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na ilipofika Novemba mwaka huohuo kampuni ya ndege za gharama nafuu ya fastjet ilirusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini mkoa mpya ulihitaji watumishi, wakaguzi na makandarasi wa kwenda na kurudi, na kwa kuwa wenyewe haukuwa na safari za ndege za ratiba, ulilazimika kuutegemea uwanja wa Mwanza. Kwa hiyo historia ya huduma na starehe katika ndege za gharama nafuu, ikitazamwa kutoka Bariadi, huanzia barabarani.

Kwa miongo mingi starehe ya msafiri wa Kanda ya Ziwa ilikuwa suala la daraja. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Maswa, na ndani ya treni aliyekuwa na fedha alilala kwenye chumba cha daraja la kwanza huku mwenzake akikesha kwenye kiti cha daraja la tatu. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kusambaratika mwaka 1977, pamoja na mrithi wake upande wa Tanzania, Air Tanzania, yaliendeleza fikra ileile kwa namna nyingine: nauli ilikuwa kubwa, lakini ndani yake mlikuwamo begi, kinywaji na kitafunwa, na abiria alipokewa kama mgeni. Precision Air, iliyoanzishwa Arusha mwaka 1993, iliongeza safari na ushindani bila kuubadilisha sana utaratibu huo.

Fastjet iliubadilisha. Mfumo wa gharama nafuu, ambao mizizi yake ni Marekani na ambao ulishika kasi Ulaya katika miaka ya 1990, husimama juu ya hesabu moja: ndege ya aina moja, yenye viti vingi vya daraja moja, iruke mara nyingi kwa siku, na kila kisichokuwa kiti kiuzwe peke yake. Kampuni hiyo, iliyoungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet, ilitumia Airbus A319 zenye viti 156, ikatangaza nauli zinazoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, kisha ikatoza begi la kupakiwa na kuuza vinywaji angani. Daraja liliondolewa, na badala yake huduma ikakatwa vipande ambavyo kila abiria alinunua kwa kadiri ya mfuko wake.

Abiria waliozoea mashirika ya zamani waliona hapo ubahili, na malalamiko kuhusu mizigo hayakukosekana. Hata hivyo, msafiri wa Bariadi hakuilinganisha ndege hiyo na ndege nyingine. Aliilinganisha na basi. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam ilipitia Dodoma, Singida na Shinyanga, na kwa kuwa mabasi ya abiria yalikuwa yamezuiwa kusafiri usiku, zuio ambalo Serikali ililiondoa mwaka 2023, ucheleweshaji wowote njiani uliweza kumlaza mtu stendi ya mji asioufahamu. Mbele ya hali hiyo, kiti chembamba cha saa moja na nusu bila chai kilikuwa anasa.

Lakini starehe hiyo ilikoma Mwanza. Kutoka hapo hadi Bariadi kuna zaidi ya kilomita 150, kwanza kwa barabara ya Musoma hadi Lamadi, kisha kwa kipande cha kilomita 71.8 cha Lamadi–Bariadi, na kabla kipande hicho hakijawekwa lami, mvua ziliweza kuufanya mwisho wa safari kuwa mrefu kuliko safari yote ya angani. Lami hiyo ilizinduliwa na Rais John Magufuli Januari 2017, na si kutia chumvi kusema kwamba ilimwongezea starehe abiria wa ndege kuliko jambo lolote lililofanywa ndani ya ndege yenyewe.

Palikuwa na kasoro nyingine isiyotajwa sana, nayo ilikuwa katika bei. Nauli ya mfumo huu hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, hivyo humfaidi anayejua mapema atakaposafiri na mwenye fedha mkononi wakati huo. Mkulima wa pamba hupata fedha msimu wa mauzo unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, na safari zake nzito zaidi ni za msiba na ugonjwa, ambazo hazina tarehe. Ndugu aliyekuwa Dar es Salaam akaitwa wilayani Itilima, Simiyu, kuzika kesho alikuta ile nauli ya tangazo imekwisha siku nyingi, akalipa bei isiyotofautiana sana na ya kampuni za kawaida, na bado akatozwa begi.

Mwisho wa fastjet nchini ulikuja haraka. Iliachana na Airbus ikachukua Embraer 190 ndogo zaidi, ikauzwa mwaka 2018 kwa wawekezaji wa ndani wakiongozwa na Lawrence Masha, waziri wa zamani wa mambo ya ndani, na Desemba mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo husimamia leseni na usalama wa ndege, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuisitishia leseni, huku ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Waliokuwa wamenunua tiketi za sikukuu za mwisho wa mwaka walibaki kudai fedha zao. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kipande cha huduma chenye thamani kuliko begi na chai ni uhakika wa kuwa ndege itaruka.

Wakati huo Air Tanzania ilikuwa imeanza kufufuliwa kwa ndege mpya, mbili za kwanza zikiwa Bombardier Q400 zilizopokewa mwaka 2016, na viti vya Mwanza vikaongezeka tena, ingawa kwa mtindo wa zamani wa begi na kitafunwa ndani ya nauli. Mshindani wa baadaye huenda asiwe ndege kabisa: reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za Dar es Salaam–Dodoma zilianza kubeba abiria mwaka 2024, inajengwa pia kati ya Isaka na Mwanza kupitia Malampaka, na ikikamilika, abiria wa Maswa atapanda ndani ya mkoa wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna ndege ya ratiba iliyowahi kumpa.