Gesi

Maneno machache sana yana baba anayejulikana. Gesi ni mojawapo. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels aliyefariki mwaka 1644, alilichonga kutokana na neno la Kigiriki "khaos", vurugu ya mwanzo kabla ulimwengu haujapangika.

Alilenga vyema kuliko alivyojua. Katika karne ya 19, wanafizikia Rudolf Clausius na James Clerk Maxwell walieleza gesi kuwa vurumai ya kweli: molekuli za hewa ya chumbani hukimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde. Basi mbona harufu ya udi haivuki ukumbi papo hapo? Mholanzi Buys Ballot alitoa pingamizi la namna hiyo mwaka 1858, na Clausius akajibu: molekuli huenda umbali mfupi sana tu kabla ya kugongana na nyingine na kupotezwa njia.

Vishindo vya molekuli kwenye kuta za chombo ndivyo kanieneo. Joto likipanda, huzidi ukali; ndiyo maana upepo wa tairi hupimwa likiwa baridi.