Ng'ombe Waliovuka Mpaka: Wagusii na Majirani Wafugaji

Barabara ya kutoka Chebilat kwenda Chabera hupita Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira. Ukiishika kuelekea mashariki unaingia kwa Wakipsigis. Ukielekea magharibi unateremka kwa Wajaluo. Katikati ni vilima vya Wagusii, vya chai, migomba na wimbi. Kwa zaidi ya karne mbili, watu wa pande hizi walinyang'anyana ng'ombe, wakauziana nafaka, wakachukua watoto wa wenzao wakawalea kama wao, na wakaigana. Historia inayosimuliwa sana ni ile ya mikuki. Ninachokitetea hapa ni kwamba mengi anayoyaita Mgusii mila za mababu yalipata sura yake mpakani, mbele ya mtu aliyemwita adui.

Simulizi za Wagusii, kama zilivyokusanywa na mwanahistoria William Ochieng' katika kitabu chake cha mwaka 1974, huwataja wahenga waliotoka pande za Mlima Elgon pamoja na ndugu zao Wakuria na Walogoli, wakashuka hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria, kisha wakakaa uwanda wa Kano. Kutoka Kano walisukumwa na wimbi la Wajaluo, wakapanda hadi Kabianga, ambayo leo imo Kaunti ya Kericho. Kabianga kunakumbukwa kwa uchungu. Baridi iliharibu mazao, mifugo ikafa, na Wakipsigis hawakuwapa usingizi. Wengi wakakimbilia kusini, upande wa Trans Mara, ambako Wamaasai wa Siria waliwavamia tena, mpaka wakarudi kujikinga kwenye vilima ambavyo wajukuu zao wanavilima hadi sasa.

Safari hiyo kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya mateso. Mimi naiona pia kuwa shule ndefu. Watu waliokaa vizazi kadhaa wakiwa wamepakana na wafugaji hodari kuliko wote wa eneo hili hawakutoka humo walivyoingia.

Tazama egesarate (kwa wingi, ebisarate). Hii ilikuwa kambi ya ng'ombe iliyozungushiwa ua imara, mbali kidogo na miji ya wazee. Ndani yake walilala vijana waliokwisha tahiriwa lakini hawajaoa, vibanda vyao vikiwazunguka ng'ombe wa jamaa kadhaa, mikuki ikiwa karibu na mkono. Chakula kililetwa na mama na dada zao kutoka nyumbani, ambako mashamba ya wimbi yalilimwa. Baba mwenye mali hakulala na ng'ombe wake. Aliwaweka chini ya ulinzi wa wanawe, akabaki na wachache wa maziwa. Katika ebisarate kijana alijifunza kupigana, kufuata nyayo za mifugo walioibwa, na kutii wakubwa wake wa rika.

Sasa vuka mpaka. Wakipsigis na Wanandi walikuwa na kaptich, kambi za ng'ombe kwenye malisho ya mbali, zikilindwa na vijana. Wamaasai walikuwa na manyatta za morani. Upande wa magharibi, Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na ndani yake mazizi. Ukiviweka vyote hivi pamoja unaona eneo zima likijibu swali moja: ng'ombe watalala wapi usiku huu? Mkulima aliyetaka kubaki na mifugo alilazimika kuishi nusu ya maisha yake kama mfugaji. Na mfugaji naye hakuwa mfugaji mtupu, maana Wakipsigis walilima wimbi tangu zamani.

Jando linaonyesha mambo haya kwa undani zaidi. Kijana wa Kigusii alipotengwa kupona kidonda, alikaa katika kibanda chenye moto usioruhusiwa kuzimika, na karibu na moto huo kulipandwa nyasi za esuguta. Alizimwagilia maji na kuzitunza kwa hofu, kwa sababu kukauka kwake kulikuwa dalili mbaya kwa maisha na uzazi wake. Kwa Wakipsigis nyasi za segutiet hutumika kubariki, na katika arusi ya kimila bwana na bibi hufungwa nyasi hizo mikononi. Mmea mtakatifu wa jamii mbili zisizo na asili moja ya lugha, wenye jina linalokaribiana hivyo, hauwezi kuwa jambo la bahati.

Wakuria, ndugu wa Wagusii, wameacha ushahidi ulio wazi hata zaidi. Marika yao yana majina kama Maina, Chuma, Sai, Nyangi na Gini. Wakipsigis wana Maina, Chumo, Sawe na Nyongi. Wabantu hawa walichukua kwa majirani wao Waniloti namna nzima ya kuhesabu vizazi. Christopher Ehret, aliyechunguza historia ya Waniloti wa Kusini kupitia lugha zao, alionyesha tangu miaka ya 1970 jinsi maneno ya ufugaji na ya jando yalivyohamia kutoka kundi hadi kundi katika Afrika Mashariki. Wajaluo, ambao Wagusii walifanya nao biashara kubwa zaidi, hawakutahiri. Wao waling'oa meno ya chini. Wagusii walinunua kwao vyungu, samaki na chumvi, wakawauzia wimbi na majembe, lakini kwenye jando macho yao yalielekea mashariki. Katika jando hilo ulikuwemo pia ukeketaji wa wasichana, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku, na ni haki. Kuusoma urithi wa mpakani hakutulazimishi kuukumbatia wote.

Muziki nao haukujali mpaka. Obokano ya Wagusii, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo, litungu la Wakuria na kibugandet ya Wakipsigis.

Msomaji anaweza kudhani haya ni ya kwetu tu. Lakini Uchina ya kale iliishi hivyohivyo na watu wa nyika za kaskazini. Magari ya kukokotwa na farasi yaliyozikwa pamoja na wakubwa wa mji wa kale wa Anyang, mnamo mwaka 1200 KK hivi, yalitokana na ufundi wa nyikani. Mwaka 307 KK mfalme Wuling wa dola ya Zhao aliwaamuru askari wake wavae suruali na kupigana juu ya farasi kama wahamaji aliokuwa akipambana nao, na wakuu wake walilalamika kwamba anawafuata washenzi. Baada ya mfalme wa kwanza wa nasaba ya Han kuzingirwa na Waxiongnu, wahamaji wa nyika hizo, mwaka 200 KK, watawala wa Han walianza kuwapelekea mabinti wa kuoa, hariri na nafaka ili wapate amani. Adui alikuwa pia mkwe. Wagusii wana msemo kuhusu koo zao wenyewe unaofanana na hali hiyo: tunaooa kwao ndio tunaopigana nao.

Watu pia walivuka. Henry Mwanzi, katika historia yake ya Wakipsigis ya mwaka 1977, alionyesha kwamba kabila hilo ni mchanganyiko, na kwamba miongoni mwa koo zake zimo zenye asili ya Kigusii. Wakati wa njaa watoto walipelekwa upande wenye chakula, na nafaka au ng'ombe wakatolewa badala yao. Mateka waliasiliwa. Kwa hiyo mtu anayesema damu yake ni ya upande mmoja tu wa mpaka anadai jambo ambalo wazee wa pande zote wangelitilia shaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wakipsigis walishindwa vibaya katika vita ambavyo Wagusii huviita Saosao, na karibu wakati huohuo sotoka ikaangamiza ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Kisha wakaja Waingereza, kwa mashambulizi ya 1905 na 1908. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 waliamuru ebisarate zivunjwe. Upande wa Sotik walikata mashamba ya walowezi, nayo yakakaa katikati ya Wagusii na Wakipsigis. Hilo nalihesabu kuwa pigo kubwa kuliko vita vyovyote vya mikuki. Mpaka uliokuwa ukisogea kwa mapatano, ndoa na uvamizi ukageuzwa mstari wa ramani, na kila upande ukapewa wilaya yake na machifu wake. Baada ya uhuru mashamba ya Borabu yaligawiwa Wagusii katika miaka ya 1960, na mstari uleule ukabaki. Fujo za 1992 na za mwanzoni mwa 2008 ziliwaka juu yake, Chebilat ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia.

Wazee waliosikia habari za ebisarate kutoka kwa babu zao wanapungua kila mwaka. Serikali za kaunti za Nyamira, Kericho na Bomet, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, zinaweza kuwarekodi Mgusii na Mkipsigis wakiwa wamekaa mahali pamoja, kila mmoja akisikiliza habari za kambi za ng'ombe za mwenzake. Walimu wa historia wa shule zilizo kati ya Chebilat na Chabera waanze hata kabla ya kaunti. Wanafunzi wao wana babu na nyanya wa pande zote mbili.